Mbegu za Mjukuu wa Chifu

Cephas Obare alizaliwa mjukuu wa chifu, na hakumwacha mtu asahau hilo. Huko karibu na Kendu Bay, kando ya ziwa, walimwita Ruoth, bwana mkubwa, ingawa urithi wenyewe ulikuwa kigoda cha babu, ng'ombe watatu na maneno mengi. Ujanani alibatizwa akawa Msabato. Mdogo wake, Job, akabaki Mkatoliki. Kwa miaka thelathini walitaniana tu, maana mmoja hagusi kamongo, samaki aliyekatazwa Wasabato, na mwenziwe hamkosi mezani.

Kisha ukaja uchaguzi wa 1992. Cephas alikuwa upinzani damu, Job akikipigia debe chama tawala. Matokeo ya eneo lao yalipotangazwa, Cephas alikwenda kucheza ngoma mbele ya mlango wa mdogo wake, mzee mzima. Job akaacha kumsalimu. Cephas naye akaapa hatapanda mbegu mpaka asalimiwe.

Na hapo alimkamata pabaya, kwa kuwa katika boma la Wajaluo mdogo hapandi kabla ya mkubwa. Mvua za Machi zikanyesha wiki ya kwanza, zikanyesha ya pili. Wahenga walisema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Wahenga hao hawakufika kwa Cephas. Majembe yalining'inia ukutani. Job alikuwa na watoto sita na ghala tupu, ila akiba ndogo ya mbegu. Cephas alimwona shemeji yake akienda kuomba unga kwa majirani, akaona haya, lakini kiapo ni kiapo.

Ijumaa moja alasiri mkewe, Phelesia, alimwandalia sahani ya nyoyo, mahindi na maharagwe ya kuchemsha. Alipokwisha kushiba akauliza mahindi yametoka wapi.

"Ni zile mbegu zako, Baba Celestine. Mbegu isiyopandwa ni chakula."

Cephas alinawa mikono. Halafu akainuka, akavuka ua mpaka kwa Job.

"Omera, ndugu yangu, habari ya mchana," alisema. "Nimekuja kuomba mbegu. Zangu nimezila."

Mke wa Job alikimbilia jikoni kuchekea huko. Job hakucheka.

"Za kupanda ama za kula?"

"Za kupanda. Leo hii."

Job alitoa kopo moja la gorogoro la mahindi na majembe mawili, akamfuata shambani. Cephas alichimba mstari wa kwanza wa shamba lake peke yake, akafukia mbegu.

"Haya, desturi imetimia," alisema. "Nenda kapande lako, watoto wapate chakula."

Job alitazama jua. Lilikuwa limebakiza kidogo tu kugusa ziwa.

"Langu litangoja kesho," alisema. "Wewe jua likizama Sabato imeingia. Shika upande ule tumalize."