Herufi za Dada wa Stesheneri

Miaka kumi na minne nimeandika maneno ya katuni. Sichori, na sijawahi kumdanganya mtu kwamba nachora. Mchoraji ni rafiki yangu anayekaa Levolosi. Yeye anatunga hadithi na kuchora watu na punda wao, mimi naandika kwa mkono wanayoyasema. Kila Jumamosi alikuja kwangu Lemara na kurasa zake za penseli. Tunakunywa chai, yeye anakwenda kutazama mpira kwa jirani, mimi nakaa mezani na peni ya wino. Naandika maneno kwanza, kisha ndiyo nayazungushia kiputo. Ukianza na kiputo, Kiswahili hakienei. Utabananisha maneno mwishoni mpaka mhusika aonekane ana kigugumizi. Hilo nililijua mimi, na nilijiona wa pekee kwa kulijua.

Basi Jumamosi moja akaja na habari. Anataka fonti: herufi zilizoandikwa kwa mkono ziingizwe kwenye kompyuta, halafu yeye anabonyeza tu, maneno yanatokea kama yameandikwa na mtu.

"Kaka, kazi zimekuwa nyingi," alisema. "Niandikie herufi zako. Na kuna dada mmoja wa stesheneri pale jirani kwangu, naye ataandika zake. Tutaona zipi zinakaa vizuri."

Zipi zinakaa vizuri! Miaka yote hiyo, leo napangwa foleni moja na mtu wa kutoa fotokopi. Nilicheka, nikamwambia hamna shida, nikamsindikiza mpaka barabarani. Niliporudi ndani nikabamiza mlango.

Kesho yake nilipita kwenye hiyo stesheneri, nikajifanya nanunua bahasha. Nikamkuta msichana wa miaka ishirini na kitu, anatafuna karanga, anataniana na wateja. "Shikamoo, baba," akaniamkia, na hiyo nayo ikaniuma. Kwenye kaunta kulikuwa na karatasi zake, umbea mtupu: nani kaachwa, nani kanunua bajaji, shangazi yake wa Maji ya Chai kagombana na jirani kwa sababu ya kuku. Mistari inapanda na kushuka. Nikamuuliza anaandika nini.

"Fonti, baba. Naandika stori kwanza, halafu nachagua herufi humo humo."

Nikatoka nimefurahi, Mungu anisamehe. Nikajisemea, huyu nimeshamshinda.

Mimi nilitumia siku tisa. Nilinunua peni mpya, nikapiga mistari kwa rula, kila herufi nikaipa karatasi yake. A peke yake niliiandika mara arobaini. Mke wangu akapita, akachungulia, akauliza, "Unaandika cheti cha nani?" Nikamnunia mpaka jioni. Kila nikishika peni namwona yule dada na karanga zake, na kila nikimwona nachana, naandika upya, nanyoosha zaidi.

Siku ya kupima, rafiki yangu alituita wote wawili kwake. Alichukua ukurasa mmoja, mama anamgombeza mwanawe aliyepoteza punda sokoni, akauwekea maneno mara mbili: kwa herufi za dada, kisha kwa zangu. Za dada zilifoka. Yule mama alikuwa anagomba kweli, hata mate unayaona. Zangu, loo! Moja moja zilikuwa nzuri, lakini zikikaa pamoja zilikuwa kama wageni waliokutana kituo cha polisi, hakuna anayemsemesha mwenzake. Mama yule yule sasa alionekana anasoma tangazo la msiba.

"Hizi si zako," rafiki yangu akasema taratibu. "Mimi nilitaka zile za Jumamosi."

"Si ungesema!"

"Niseme nini tena? Nilidhani unajua unavyoandika."

Akaniambia nafasi bado ipo. Anazo kurasa zangu za zamani, yule dada anaweza kuchagua herufi humo akatengeneza fonti yangu. Dada akadakia, "Nitafurahi sana, baba. Mwandiko wako nimeusoma tangu darasa la nne." Hakuwa ananikejeli, nilimwona usoni. Moyo ukasema kubali. Mdomo ukasema, "Kurasa zangu usiziguse." Nikachukua kofia yangu nikaondoka. Kabla sijafika njia kuu nilishajua nimefanya ujinga, na bado sikurudi.

Tangu hapo Jumamosi hakuna anayebisha hodi. Herufi za yule dada ziko kwenye vijitabu vyetu, ziko kwenye mabango ya chipsi, hata kwenye tangazo la kwaya pale usharikani. Nikiziona natafuta kasoro kama mtu anayetafuta chawa. R yake ina mguu mrefu mno. Siku moja nilisimama mbele ya bango la kinyozi nikaisonya hiyo R, watu wakanitazama.

Mwezi uliopita nilipanda mlimani kwa mama yangu, kwenye kahawa na migomba yake. Mama ana kila kijitabu chetu tangu cha kwanza, na sikuwa nimemwambia kwamba siandiki tena. Nilimkuta kibarazani na miwani yake, cha karibuni kabisa kiko mapajani. Nikamwamkia, akanimiminia kikombeni loshoro, ule uji wa mahindi na maziwa mgando, akanikalisha karibu yake.

"Mwanangu," akasema, "siku hizi umejua kuandika. Hiki nimekisoma mwenyewe mpaka mwisho, nimecheka peke yangu hapa. Vile vya zamani nilikuwa nakazana tu, kwa kuwa ni mkono wako."

Nikanywa loshoro. Nilijiambia nisiseme kitu, nitamsikitisha bure. Uongo. Nilizitaka zile sifa, hata kama ni za wizi.

"Asante, mama," nikasema.

Akafungua ukurasa wa kwanza, akaweka kidole chini ya maneno, akaanza kunisomea kwa sauti.