Watoto wa Kukalia Ekseli

Oili ya difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli ya nyuma, ikikaa miaka mingi inanuka vibaya. Kama hujawahi kuinusa sina namna ya kukueleza, ila ni kali, inakaa kooni, na sabuni haiiwezi. Harufu hiyo sikuwa nimekutana nayo tangu nitoke nyumbani. Juzi, siku yangu ya mapumziko, nikaikuta kwenye yadi ya vyuma chakavu Ras Al Khor, huku Dubai. Nilikuwa nimeamka na miguu imevimba kwa kutandika vitanda vya hoteli Garhoud wiki nzima, na pale juani nikajikuta nataka kulia. Kwa oili, ndugu yangu!

Nilifuata ekseli. Pikapu ya baba, ya zamani kuliko mimi, imekatika ekseli ya nyuma, na fundi wa nyumbani kasema haichomeleki tena. Baba mwenyewe hayupo tena duniani. Mama bado analima viazi kule kwetu nyanda za juu kusini, na viazi vimeshachimbwa, vimerundikwa kwenye magunia shambani juu kilimani, mvua nazo zimeanza. Magari ya kukodi yanafika chini barabarani, madereva wanaitazama njia, wanageuza. Kila siku inayopita magunia mengine yanaanza kutoa maji ya viazi vilivyooza. Kaka akanipigia: "Wewe si uko Dubai? Spea zote si zinatoka huko?" Watu wa nyumbani wanadhani Dubai ni duka moja kubwa na mimi nimekaa kaunta.

Aliyenisaidia ni dalali mmoja mzee, Mzanzibari ambaye familia yake ilihamia huku zamani, na ambaye Watanzania wengi tunamtegemea kwa mambo ya spea. Nilipomwamkia akanionyesha ekseli mbili zilizolazwa mchangani. Moja ilikuwa ya pikapu kama ya baba, ileile kabisa. Nyingine ilitoka kwenye gari la miaka ya karibuni, nayo ina loki: tairi moja ikizama kwenye tope, zote mbili zinazunguka pamoja na gari linatoka.

"Zote mbili zakaa kwenye gari lenu, nishapima upana na pahala pa springi," akasema. "Hiari yako, mwanangu. Ila yalla, fanya hima, kontena la Dar lafungwa kesho."

Nikachuchumaa mbele ya ile ya kwanza, nikaweka kiganja juu ya tumbo la difu. Hapo ndipo harufu iliponipata.

Utotoni mwetu, pikapu ya baba ikiwa tupu, nyuma ilikuwa nyepesi mno. Masika tairi za nyuma zilizunguka palepale zikirusha tope mpaka mlango wa jikoni, na mama akitoka na mwiko mkononi kugomba. Wenye pikapu wengine walipakia mawe, au viroba vya mchanga. Baba alipakia watoto. Kabla jua halijachomoza, ukungu bado umelala kwenye mahindi, ungesikia honi, halafu sauti yake: "Uzito! Uzito uje!" Tulitoka mbio, sisi na watoto wa majirani, masweta yamevaliwa nje ndani, kila mmoja na viazi vya kuchemsha mfukoni. Viazi hivyo kwanza vilipasha mikono joto, halafu ndipo vikaliwa.

Baba alitupanga mwenyewe. Wakubwa juu ya ekseli kabisa, wadogo mbele karibu na kioo. Bati lilitetemeka chini ya makalio, difu inavuma, na ile harufu ikipanda kupitia matundu ya kutu. Penye utelezi alitoa kichwa dirishani akapiga kelele, "Rukeni!" Tuliruka wote kwa pamoja, tukatua kwa kishindo, tairi ikauma udongo, gari likapanda. Tuliamini kwamba bila sisi pikapu haiendi popote, na ilikuwa kweli. Wakati wa kurudi, magunia yalichukua nafasi yetu, tukashuka kwa miguu tukiikimbiza. Shuleni tulifika tumechelewa, tope mpaka masikioni. Mwalimu hakutuchapa. Alisema tu, "Haya, uzito wamefika, tuendelee," na darasa zima likacheka.

Basi unaelewa kwa nini niliinuka nikamwambia dalali nachukua ile ya kwanza. Sikufikiria kilima wala viazi. Nilimtaka baba, basi.

Mzee akaniangalia. "Mwenye gari keshasema?"

Mwenye gari ni mama. Nikapiga simu ya video, kaka akampelekea jikoni. Akaishika kama kawaida yake, nikawa naona kipaji cha uso na kitambaa tu. Nikamweleza kwamba ipo kama ya baba, ileile, itavuma vilevile, na ipo nyingine ya kisasa ambayo inapanda hata gari likiwa tupu. Nilieleza kwa namna ya kumfanya achague ya kwanza. Nadhani alinijua.

"Hiyo kama ya baba yako," akauliza, "ikiteleza, nani atakaa nyuma?"

Nikaanza kutaja watoto wa majirani, akanikatiza.

"Wewe uko huko. Mdogo wako yuko Dar, hata sikukuu haji. Watoto wa majirani wote wameondoka, nyumba zimebaki na wazee. Kaka yako ndiye anashika usukani. Au nipande mimi, na magoti haya?" Akacheka kidogo. Mimi sikucheka. "Mwanangu, lete ile isiyohitaji watu."

"Sawa, mama."

Khalas, yakaisha. Dalali akaita wafanyakazi wa yadi, wakainyanyua ile yenye loki na kuiandika jina la mama kwa rangi nyeupe. Ile nyingine wakaisogeza pembeni kwenye rundo. Nikapanda basi kurudi Garhoud, na nilichoka kuliko siku zote za vitanda, uchovu ambao kulala hakuuondoi.

Pikapu itapanda, na viazi vitashuka kabla havijaoza vyote. Nimefurahi, nisikudanganye. Lakini sitoki kwenye lile swali la mama. Kumbe pale kwetu, ambapo honi moja ilitoa watoto kila mlango, siku hizi mtu anaweza kupiga honi mpaka betri ife. Mama alishalijua hilo miaka na miaka, akatupokea kwenye simu kila Jumapili na kutuuliza kama tumekula, na hakutuambia mpaka nilipomuuliza habari za ekseli.