Mama Mwenye Funguo Anatoka Hospitali

Karakana hiyo inashona sare za shule, na sare za shule zina vifungo vingi kuliko subira ya binadamu. Cherehani ziko chumba cha mbele, ambako kwa kelele zake mtu hasikii hata anapotukanwa. Chumba cha nyuma ni cha kazi ya mkono: meza ndefu, taa ya mrija, makopo ya vifungo, na wanawake wanaotia vifungo na kushona pindo tangu asubuhi. Huko ndiko anakokaa Redio.

Jina la wazazi analo, lakini hata siku ya mshahara anaitwa kwa hilo la utani. Ni mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa uzi pembeni, na ugonjwa wake ni riwaya. Mezani kwao kuna makubaliano ya miaka: yeye akisoma kitabu nyumbani, kazini anakisimulia, na wenzake wanagawana vifungo vyake. Bosi anajua, anajifanya hajui, maana hadithi ikinoga sindano nazo zinakimbia.

Mkata vitambaa ndiye mpinzani wake. Huyo ni mtu wa filamu za ngumi, na haoni haya kusema.

"Filamu inakula saa mbili, umemaliza, umelala," anasema. "Kitabu chako kinatuweka mwezi mzima na watu hawajaoana bado."

"Ndiyo utamu wenyewe. Wa kwako wanapigana tu, hata kula hawali."

"Mtu anakimbizwa na majambazi, atakula saa ngapi?"

Lakini hadithi ikikolea utamwona anahamia chumba cha nyuma na mkasi wake, eti huko kuna mwanga mzuri. Hakuna mwanga wowote mzuri huko.

Riwaya iliyowashika mwaka huo ilikuwa ikiuzwa hadi kwenye meza za magazeti. Ilimhusu mjane mwenye nyumba ya wageni na mabinti watatu, mwanamke mkali anayetembea na funguo zote kiunoni. Mezani walimbatiza Mama Mwenye Funguo, wakamzungumzia kama jirani. Walibishana kama binti mkubwa amkubali daktari au dereva. Mshona pindo mmoja alimchukia daktari kiasi kwamba akitajwa tu anajichoma sindano. Kisha Mama Mwenye Funguo akaugua, akalazwa, na Redio akasoma sura iliyofuata usiku nyumbani, kitandani. Humo Mama Mwenye Funguo alikufa. Redio alilia mpaka mumewe akamuuliza nani amefiwa.

Kesho yake Mpole aliingia kazini na macho yamevimba. Mpole ndiye anayekaa mkono wa kushoto wa Redio, mwanamke wa maneno machache, na mama yake mzazi alikuwa amelazwa hospitali kwa muda mrefu. Alivuta kopo lake la vifungo, akatunga uzi, akasema bila kuinua uso:

"Haya dada, leo si ndiyo Mama Mwenye Funguo anatoka hospitali?"

Redio alimwangalia. Maneno ya kweli aliyokuja nayo yalimkaukia mdomoni, akahisi huruma kali, ya kuumiza.

"Ndiyo," alisema. "Anatoka leo."

Kusema ni rahisi. Theluthi nzima ya kitabu ilikuwa imebaki, na yote ilisimama juu ya kaburi la mama yule. Mabinti wanagombania nyumba. Sasa ikabidi waigombanie na mwenyewe yuko jikoni anakunywa chai.

"Ngoja kwanza," mkata vitambaa alidakia. "Wanagombania urithi wa mtu aliye hai kabisa, anawasikia?"

"Ndiyo ujue uchoyo ni nini."

"Watoto wana roho hao!" alisema, na akakata shingo ya shati vibaya kwa hasira.

Hivyo ndivyo Redio alivyofika mwisho wa kitabu, kwa kubuni, akitokwa jasho kuliko aliyekiandika. Wote walikubali kwamba hawajapata kusikia riwaya tamu kama ile. Angeachwa hapo, yangekwisha. Lakini riwaya inayouzwa namna ile haikosi kutengenezewa filamu, na siku moja mkata vitambaa aliingia akiwa amefurahi kupita kiasi.

"Jumapili twende wote. Kitabu chenu na filamu yangu vimeoana!"

Redio alijaribu kila njia. Alisema amesikia filamu ni mbovu. Alisema waigizaji ni wazee. Alisema goti linamsumbua, na goti halikumsaidia. Aibu ya kuitwa mwongo aliweza kuimeza. Alichokiogopa ni Mpole: kwamba ataketi gizani aone mama akifunikwa shuka, kisha ajue alidanganywa kama mtoto mdogo.

Jumapili walikaa safu moja, Mpole kushoto kwa Redio kama kazini. Mama Mwenye Funguo alipofunikwa shuka, Redio hakuthubutu kugeuza shingo kushoto. Walipotoka nje, mkata vitambaa ndiye aliyelipuka kwanza.

"Wameua mtu bure! Hawa hata kitabu hawakukisoma!"

"Wamefanya ili watu walie," alisema mshona pindo. "Halafu yule daktari ni mzuri, sikutegemea."

Hakuna aliyemshuku Redio hata kidogo. Walimwamini kuliko filamu iliyotengenezwa kwa fedha nyingi. Angepaswa kushukuru, lakini Mpole alikuwa amemshika mkono.

"Dada, niazime hicho kitabu. Kila jioni namsimulia mama yangu unayotusimulia. Sasa anataka asomewe pale Mama Mwenye Funguo anapotoka hospitali. Anataka neno kwa neno, kama lilivyoandikwa."

"Herufi zake ndogo, zitakuchosha," Redio alisema haraka. "Nitakuja nimsomee mwenyewe."

Akaenda, saa ya kutazama wagonjwa. Mama yake Mpole alikuwa amekonda, lakini ulimi ulikuwa bado na nguvu zake.

"Wewe ndiye Redio? Nilidhani ni mnene."

"Nilikuwa, mama. Vifungo vimenimaliza."

Mgonjwa alicheka, akakohoa, akaamuru waanze. Redio alifungua sura ile. Mpole alikuwa amekaa ng'ambo ya kitanda, na hilo lilikuwa nafuu. Redio alisoma vizuri yaliyoandikwa: dirisha la wodi, daktari akitoka, mabinti wakinong'ona. Alipofika palipobaki mistari michache kabla ya kifo, aliendelea kusoma huku macho yakitazama maneno mengine.

"'Asubuhi ile aliamka mapema,'" alisoma, "'akaomba maji, akasema anasikia njaa.'"

Mpole aliinuka kumwekea mama mto vizuri, akazunguka kitanda, akasimama nyuma ya kiti. Redio alisikia pumzi yake juu ya kichwa. Ukurasa ulikuwa wazi, na pale chini sentensi ya kifo ilikuwa fupi, hata mwenye miwani mibovu angeiona. Kuufunika kwa mkono kungekuwa kukiri. Akaacha kusoma.

"Mbona umekatika?" mgonjwa aliuliza.

Kidole cha Mpole kikashuka, kikatua juu ya ile sentensi.

"Ameruka mstari, mama," alisema Mpole. "Hapa pameandikwa: 'Mabinti wote watatu walikuja kumchukua. Mkubwa alimvisha viatu.'"