Pontiac ya Kijani ya Norbert Stasiak

Norbert Stasiak wa Saginaw alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache mengi yake aliyatumia kwenye magari. Mkewe Bernadine alikuwa akisema mbele yake, bila kuficha, kwamba siku waliyooana padri alimuuliza bwana harusi kama anakubali, naye akachelewa kujibu kwa sababu nje kulikuwa na gari linapita na alikuwa anasikiliza kama valvu zake zimekaa sawa.

"Uongo," Norbert husema. "Haikuwa valvu. Ilikuwa mkanda wa feni."

Miaka thelathini na ushei alifanya kazi kwenye kiwanda cha kuyeyusha chuma kando ya mto, akirudi nyumbani na masizi mpaka ndani ya masikio. Alipostaafu, wenzake walikwenda Florida kuota jua. Yeye alikwenda kwa mkulima mmoja wa viazisukari, akavuta kutoka ghalani mwake Pontiac GTO ya mwaka sitini na tisa, milango miwili, injini ya silinda nane, ndugu wa ile aliyokuwa nayo ujanani akaiuza mtoto wao wa kwanza alipozaliwa. Lakini lile halikuwa gari tena. Chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa theluji ilikuwa imekula sakafu, ukikaa ndani unaona majani chini, na wanyama wa porini walikuwa wamezaa kwenye kiti cha nyuma vizazi na vizazi.

Bernadine alitoka na aproni yake, akalizunguka.

"Norb, umeniletea kaburi."

"Nimekuletea GTO."

"Na hicho kinachonuka?"

"Hicho si changu. Kitaondoka."

Kilichukua miaka miwili kuondoka, na gari lenyewe lilichukua sita. Norbert alilivua nguo zote, akaunga sakafu mpya, akalipaka rangi ya kijani iliyokolea kama chupa ya mvinyo. Aliyemsaidia ni Cleve Tidmore, jirani wa mtaa wa pili, mwanakwaya mwenye sauti nzito, ambaye walisimama naye kwenye tanuru moja ujana wao wote. Walipendana sana watu hao, na hawakukubaliana jambo hata moja.

"Gari la mbio ni la mbio," Cleve alikuwa akisema. "Weka difu ya mbio. Likitoka pale mstarini litoke kama lina deni na watu wanalijia."

"Na nikienda kula aiskrimu na Bernadine? Barabara kuu injini itapiga kelele kama mashine ya kusaga."

"Bernadine ana friji. Mle aiskrimu nyumbani."

Ugomvi wenyewe uliletwa na desturi ya uwanja wa Cass Bend. Pale watu hushindana robo maili iliyonyooka, na liko kundi moja linaloheshimiwa kuliko mengine yote: gari lazima litoke kwa mwenyewe kwa magurudumu yake, likimbie, na lirudi nyumbani kwa magurudumu yake. Anayeleta gari juu ya trela anakimbia na wenzake wa trela, na hata akishinda hupigiwa makofi ya adabu tu. Kwa hiyo kila kitu kwenye Pontiac ile kilikuwa mapatano. Breki za diski mbele. Springi ngumu nyuma, ila si ngumu za kumvunja Bernadine kiuno. Rejeta kubwa ya kuvumilia foleni ya taa nyekundu mwezi wa nane. Difu ya kati na kati, isiyo ya kuruka mstarini tu wala ya barabara kuu tu, ambayo Cleve aliifunga kwa mikono yake mwenyewe huku amenuna, akaendelea kununa wiki nzima.

Mwaka ule wa sita, theluji ilipoanza kuyeyuka, Bernadine aliona kitu. Mumewe alikuwa akitaka kuangalia boliti anageuza shingo pembeni, kama kuku anayekagua punje. Akampeleka kwa daktari wa macho. Daktari akasema katikati ya macho yote mawili panaharibika, pembeni pamebaki pazima, na dawa ya kurudisha kilichokwenda hakuna.

"Endesha mchana," alisema, "barabara unazozijua, mpaka leseni yako iishe. Baada ya hapo saini yangu huipati."

Kule leseni huisha siku ya kuzaliwa ya mtu, na Norbert alizaliwa mwishoni mwa mwezi wa tisa.

Alilisema jambo lake mara moja tu, mezani, akiwa ameinamia sahani. "Safari moja, Bernie. Kutoka hapa mpaka Cass Bend, robo maili, na kurudi. Kushinda sitaki. Nataka niwe nimeshika usukani mimi."

Bernadine alimwongezea viazi.

Injini ilikuwa tayari Jumamosi moja ya mwezi wa nane. Mtaani kwao injini mpya inapowashwa mara ya kwanza huitwa watu, kama ubatizo. Walikuja na viti vyao vya kukunja, Bernadine akachoma soseji za Kipolandi, akatoa na kabichi yake ya kuchacha. Cleve alisimama mbele ya rejeta, mkono mmoja saa, mwingine mpira wa maji.

Hapo pana sheria moja ambayo kila fundi wa magari yale anaijua. Ndani ya injini kuna kamshafti, mhimili wenye vinundu ambavyo kazi yake ni kufungua valvu. Vikiwa vipya, vinundu hivyo havijazoeana na vyuma vinavyosuguana navyo. Injini ikiwaka tu, inatakiwa ikanyagwe mafuta, ingurume kwa nguvu kama dakika ishirini bila kushushwa, ili oili iruke ifike kila mahali. Ukiiachia ipumue mapema, vinundu vinasagika. Norbert alikuwa amewatukana vijana wengi kwa kosa hilo.

Ikawaka. Moto mfupi ukatoka kwenye ekzosi, watu wakapiga yowe, mbwa wa jirani akakimbilia chini ya nyumba. Norbert alikaa ndani, mguu umetulia kwenye mafuta, uso wake kama wa mtu anayesali. Bernadine akaja dirishani, vidole masikioni.

"Haikuwa hivi!" alipiga kelele.

"Nini?"

"Ile ya zamani! Ukinifuata kwa baba ilikuwa inanung'unika! Niko jikoni nasikia, najua ni wewe! Hebu nisikie kidogo!"

Norbert aligeuza shingo, akamtazama kwa pembe ya jicho, pale anapoona. Nywele zilikuwa zimemwangukia usoni, na alikuwa anacheka. Akainua mguu.

Injini ikashuka. Ikaanza kunung'unika ule mnung'uniko wake wa kuchechemea, ikipiga na kusita, ikipiga na kusita, glasi mezani zikitetemeka. Bernadine akaweka kiganja mdomoni. Watu wote wakasimama kushangilia, na katika makelele yale sauti ya Cleve, sauti inayojaza kanisa, haikusikiwa na mtu.

"Kanyaga! Norb, kanyaga mafuta! We mzee, una wazimu?"

Alipokanyaga, kulikuwa na kijisauti kipya mle ndani. Tik, tik, tik. Cleve akapitisha mkono kooni: zima.

Kesho yake walipasua filta ya oili. Oili yote ilikuwa inametameta kama imemwagiwa unga wa fedha. Chuma kilichosagika kilikuwa kimezunguka injini nzima. Ilibidi itolewe, ifunguliwe mpaka boliti ya mwisho, kila tundu lisafishwe, beringi zote zibadilishwe, na kamshafti nyingine isubiriwe.

"Imekuwaje?" Bernadine aliuliza.

"Kipuri kibovu," Norbert akasema, akamkata Cleve jicho.

Walifanya kazi mpaka mwezi wa tisa ukawaishia mikononi. Siku ya kuzaliwa kwake Bernadine alioka keki, watoto wakapiga simu. Norbert alikula kipande chake, akashukuru, akaenda kulala jua halijazama. Kesho yake hakwenda gereji. Kesho kutwa pia. Cleve akawa anafunga injini peke yake, akiimba kwa sauti ya chini, na Bernadine ndiye aliyempelekea kahawa.

"Hicho kipuri kibovu," alisema, "si mngemrudishia aliyewauzia?"

Cleve alikoroga kahawa ambayo haikuwa na sukari. "Shemeji, mimi naimba kwaya."

"Najua unaimba kwaya."

"Basi usiniulize. Nikiulizwa nitasema."

"Nimeshakuuliza, Cleve."

Akasema yote. Bernadine alimsikiliza mpaka mwisho, akaingia ndani, akamkuta mumewe kwenye kiti chake anasikiliza mpira redioni. Akaizima.

"Kwa nini hukuniambia?"

Norbert hakuuliza ni kuhusu nini. "Ungejilaumu."

"Mimi ndiye niliyekuomba."

"Wewe uliomba. Mguu ulikuwa wangu."

"Ungenikatalia tu, Norb. Ningenuna siku mbili, yakaisha."

"Ulikuwa unacheka," Norbert akasema. "Nikuambie nini wakati unacheka?"

Bernadine alikaa kwenye mkono wa kiti. Kisha akampiga begani.

"Inuka, vaa viatu. Uwanja wa mbio unafungwa kwa ajili ya baridi Jumamosi ya pili ya mwezi ujao, na leseni yangu mimi bado nzima."

"Gia za mkono huzijui."

"Nimelea watoto wanne na mume asiyesikia chochote kisichokuwa na injini. Gia nne ndizo zitanishinda?"

Norbert hakucheka. Kwamba Bernadine ndiye angeliendesha, hilo lilimkwama. Kiti kile cha dereva alikuwa amekishona upya yeye, akakipima kwa mgongo wake, akakifunga kwa urefu wa miguu yake. Alivaa viatu, akaenda gereji bila kumsalimu Cleve, akazunguka gari mara mbili akilipapasa. Halafu akapiga magoti, akalegeza boliti za kiti, akakisogeza mbele, kwa sababu miguu ya Bernadine ni mifupi.

"Naona umekuja kazini," Cleve akasema.

"Lete spana, acha maneno."

Injini ilipowashwa mara ya pili hakuitwa mtu. Ilinguruma muda wake wote bila kushushwa, na Bernadine, mpira wa maji mkononi, alibana midomo kama ana pini mdomoni.

Mafunzo yalikuwa kwenye uwanja wa maegesho wa kanisa. Gari liliruka kama chura, likazima. Likaruka tena, likazima.

"Klachi hiyo, Bernie. Unaikanyaga kama unaua mende."

"Mende angeshakufa. Hii haifi."

"Iachie taratibu. Usitazame rungu la gia, litakuwa hapo hapo. Sikiliza." Akafumba macho, ambayo hayakuwa na kazi kubwa tena. "Bado. Bado. Sasa, badili."

Kila aliposema badili, gia iliingia laini kama kisu kwenye siagi. Asiposema, ilisaga mpaka Cleve, aliyesimama mbali, anashika shavu kama jino ndilo linalouma.

Jumamosi ile ya mwisho ya uwanja, hewa ilikuwa baridi na kiwanda cha sukari kimeanza kunuka. Bernadine aliendesha njia nzima, mikono miwili kwenye usukani, Norbert pembeni yake. Getini alikuwapo Lonnie Vroman, mkaguzi wa magari, mtu anayejua kila mtu.

"Leseni, Norb."

Norbert akaelekeza kidole gumba kushoto. Lonnie akainama, akamwona Bernadine amevaa kofia ya mbio juu ya nywele alizozitengeneza saluni.

"Mama, una hakika unajua kulipeleka mbele?"

"Simama hapo mbele, tutajua wote."

Lonnie alicheka mpaka akakohoa, kisha akasema jambo ambalo hawakulitarajia: abiria haruhusiwi. Dereva peke yake. Bernadine akamgeukia mumewe, na kicheko kikamfutika usoni.

"Nani ataniambia nibadili?"

Norbert alishafungua mlango. "Mstari umenyooka," alisema. "Nenda."

Alisimama kwenye uzio na Cleve. Hakuona taa ya kijani, hakuona gari likitoka. Aliona wingu la kijani likipotea katikati ya ukungu wake. Lakini alisikia. Gia ya kwanza. Ya pili, safi kabisa. Halafu injini ikapanda, ikapanda, ikaanza kulia, naye akaukamata uzio.

"Badili. Badili, mama. Badili!"

Ikabadilika, imechelewa mno. Ubao ulionyesha muda ambao basi la shule lingeufikia. Hakuna aliyecheka, kwa sababu Cleve alikuwa akiwatazama mmoja mmoja. Bernadine alirudi kwa njia ya pembeni, dirisha wazi, mashavu mekundu.

"Umeona?"

"Nimesikia. Ya tatu umechelewa."

"Nilikuwa nasubiri useme!"

"Nilisema."

"Sasa mimi huko nitakusikiaje?" Akavuta pumzi. "Foleni iko wapi? Narudi."

Alirudi mara nne. Mara ile ya mwisho injini ilipanda, Norbert akafungua mdomo, na kabla neno halijatoka gia ya tatu ikaingia. Akaufunga mdomo. Cleve alitaka kusema kitu, akamtazama usoni, akaamua kwenda kununua soda.

Walirudi nyumbani kwa magurudumu yao, taa zimewashwa. Norbert aliweka mkono wake wa kulia juu ya paja, vidole vikishika gia ambayo haikuwapo. Kwenye taa nyekundu ya kuingilia mjini jamaa mmoja ndani ya Mustang mpya alisimama kando yao, akawatazama wazee wale wawili, akaingurumisha injini yake kuwachokoza.

"Usimjibu," Norbert akasema.

"Sijamjibu."

"Bernie. Una miaka sabini."

"Sitini na tisa," Bernadine akasema. "Kama gari."

Taa ikawa kijani, naye akamjibu.