Kiranja wa Gereji

Kiangazi kile shule ya Kikatoliki iliyo karibu na parokia yetu ilipotangaza kwamba watoto watarudi madarasani, wazazi walishangilia kuliko watoto. Watoto walikwisha kuzoea kusoma kwenye kompyuta, shati la sare juu, nguo ya kulalia chini, wakisali Baba Yetu huku mkono mmoja uko kwenye bakuli la chakula. Sasa masomo ya mtandaoni yalikuwa yanafungwa. Atakayesoma, asome darasani, barakoa usoni, kutwa nzima.

"Dada," mdogo wangu aliniambia, akiwa bado na nguo zake za unesi, "wewe watoto wanakusikia. Wazoeshe."

"Unataka mtu aliyeacha shule afungue shule?"

"Fungua hata kanisa, mradi huyu akubali kwenda."

Mimi niliacha shule kidato cha kwanza. Baba alitangulia, mama akamfuata, na nyumbani wakabaki wadogo zangu watatu ambao walihitaji kula kabla ya mtu yeyote kuhitaji aljebra. Huyu nesi ndiye kitinda mimba. Nilimbeba mgongoni, nikamsomesha kwa kukaanga maandazi, na mambo yalipogeuka, yeye ndiye aliyenileta hapa Bowie, Marekani, nimlelee binti yake.

Na aliposema "huyu", alimaanisha binti huyo. Alikuwa na miaka sita na hajawahi kukanyaga darasa. Ukitaja shule, anaingia chini ya meza ya kulia. Ukitaja sare, anaingia na kiti. Nami nilijiambia: niliacha shule ili wengine wa nyumba yetu wasiiache. Sikuvuka bahari yote ile nije nikae na mtoto wa kwanza wa ukoo anayeikataa shule kwa hiari yake.

Basi gari likatolewa gerejini, sakafu ikapigwa deki, mlango mkubwa ukainuliwa ili hewa ipite. Pembeni niliweka ndoo yenye koki, ya kunawia mikono. Majirani wa hapa walidhani tunauza juisi. Wanafunzi wangu walikuwa mapacha wawili wa Mkongo mmoja anayeendesha gari la kusambaza mizigo, na binti wa mama mmoja Mkenya anayefanya kazi ya ofisini kule Arlington. Wa kwetu alikaa kwenye ngazi ya mlango wa jikoni, akitazama. Ndani haingii, nje hatoki.

Somo la kwanza lilikuwa barakoa. Niliwashonea kwa mabaki ya vitenge, kisha nikawaimbisha wimbo wa kuingilia misa, beti zote, bila kuishusha. Pacha mmoja alilalamika kwamba anakufa. Nikamwambia aliyekufa haimbi, aendelee. Wakati wa kula, wote wawili walizitundika viwikoni kama akina mama waendao sokoni na vikapu.

Siku ya pili niliweka chupa ya kitakasa mikono mlangoni. Mapacha wakaikaribia kwa heshima, wakalowesha vidole, wakafanya ishara ya msalaba, wakaingia. Kule kanisani kibakuli cha maji ya baraka kilikuwa kimekauka tangu ugonjwa uanze, na watoto walikwisha kujiamulia kwamba Kanisa limebadilisha maji. Sikuwa na moyo wa kuwasahihisha. Mapaji ya nyuso zao hayajawahi kuwa safi namna ile.

Lakini somo walilolipenda kuliko yote lilikuwa mstari. Shule ya msingi niliyosoma, kila asubuhi tulipanga mstari, mwalimu akapaza sauti: "Mkono mbele, pima!" Unanyoosha mkono mpaka ushike bega la mwenzako wa mbele, mstari unanyooka kama umepigwa rula. Kisha ukaguzi wa kucha. Watoto hawa, ambao wazazi wao huwaambia kila kitu na neno tafadhali, hawakuwahi kupigiwa kelele nzuri kiasi kile. Waliomba turudie na kurudia.

Baba wa mapacha alikuja kuwachukua, akasimama na mikono kiunoni. "Mama direktrisi! Hii ni masomo ao ni kambi ya jeshi?"

"Ni shule, baba. Ingekuwa kambi, wangelishwa."

Mama Mkenya naye akatikisa kichwa. "Aki huyu wangu kwa nyumba hata viatu hapangi. Umemfanyia nini?"

Nikavimba kichwa. Nilitazama ule mstari ulivyonyooka, sikuitazama mikono.

Wa kwetu aliendelea kukaa kwenye ngazi. Alasiri moja nilikuwa jikoni napima sukari yangu kwa kile kimashine cha kuchoma kidole. Akaja akasimama kando yangu, akauliza kwa Kiingereza, maana Kiswahili anakisikia lakini hujibu kwa Kiingereza, "Mama Mkubwa, nikienda shule nitakuletea ugonjwa?"

"Nani kasema?"

"Nyinyi. Kwenye simu. Mlisema wenye sukari ndio wanaoondoka upesi."

Kumbe meza ile ya kulia, kwa chini, ilikuwa redio.

"Mama aliniambia mama yenu alikufa, halafu wewe ukawa mkubwa," akasema. "Ukifa wewe, nani atakuwa mkubwa?"

"Wee! Mimi nina nafasi ya kufa? Na nguo zile hazijakunjwa?"

Hakucheka. Nilimweleza kwamba nimechanjwa. Akataka kuona mahali. Nikamwonyesha bega. Akalibonyeza, akafikiri, kisha akatoa lililomkaa moyoni. "Wote unawakagua kila siku. Wewe hakuna anayekukagua. Nikiwa shule, atakukagua nani?"

Tangu nilipokuwa mkubwa wa nyumba, hakuna mtu aliyewahi kuniambia nionyeshe kucha.

"Basi," nikasema, "kuanzia kesho wewe ni kiranja. Utakagua wote, na mimi utaanza nami."

Asubuhi yake alishuka ile ngazi. Nilinyoosha mikono mbele ya wanafunzi wangu, naye akazikagua kucha zangu moja moja kama mtu anayenunua karanga. Akachungulia kikombe changu cha chai. Akanusa. Akayachukua maandazi yangu yote isipokuwa moja, tena dogo. Mapacha walicheka hadi mmoja akaketi sakafuni. Kiranja akawageukia na, kwa mara ya kwanza masikioni mwangu, akakitoa Kiswahili kama alikuwa amekifungia kabatini akingojea cheo:

"Wewe! Inuka! Barakoa ipande, pua inachungulia!"

Nikajua tumeshinda. Nilijua mapema mno.

Asubuhi ya kufungua shule, mdogo wangu aliomba achelewe zamu, akatupeleka. Magari yalipanga foleni, kila gari linashusha mtoto na kusogea. Kwenye lami walikuwa wamechora maduara ya rangi, moja kwa kila mtoto, yakiachana mbali ili wasigusane. Mapacha na yule binti walikwisha kusimama kwenye yao. Zamu yetu ikafika. Mlango ukafunguliwa. Wa kwetu akaushika mkanda wa kiti kwa mikono miwili.

"Sitoki."

"Kiranja," nikasema.

"Kiranja wa gereji tu."

Mwalimu wa kuongoza magari akatupungia mkono. Nyuma yetu honi ikalia, kwa adabu. Mdogo wangu aligeuka akanitazama, na macho yake yalikuwa yale ya utotoni, ya kuniuliza tutakula nini. Nami sikuwa na kitu.

Ndipo yule Mkongo, aliyekuwa amesimamisha gari lake la mizigo ng'ambo ya barabara, akatoa kichwa dirishani. Alitaka watu wote waone jinsi wanawe walivyolelewa. Akapaza sauti:

"Mkono mbele, pima!"

Wanafunzi wangu waliacha maduara yao, wakasogeleana, mikono mabegani, wakanyooka. Watoto wengine, wasiojua neno hata moja, wakaona mchezo mzuri, wakajiunga nyuma. Punde mstari ulivuka uwanja, kila mtoto kamshika mwenzake, mbele ya sista mkuu wa shule ambaye macho yake, juu ya barakoa, yalikuwa makubwa kama visahani.

"Dada," mdogo wangu akanong'ona, "ndivyo ulivyowafundisha?"

"Niliwafundisha kunyooka."

Sista aligeuka, ni dhahiri akiuliza hii ni kazi ya nani. Mdogo wangu, niliyembeba mgongoni, akaninyooshea kidole bila kusita.

Nyuma yangu mkanda ulifyatuka. Kiranja alikuwa ameona watu wake wakivunja sheria. Akateremka, mkoba ukimpiga makalioni, akakimbia moja kwa moja hadi katikati ya mstari.

"Mikono chini! Kila mtu duara lake! Wewe, pua!"

Wengi wa watoto wale hawakijui Kiswahili, lakini sauti ya kiranja haihitaji mkalimani. Walitawanyika. Likabaki duara moja tupu, naye akalisimamia. Hapo ndipo alipogundua yuko wapi. Akageuka kulitafuta gari, mdomo ukianza kucheza nyuma ya kitambaa. Nilishusha kioo haraka, nikatoa mikono yote miwili nje, kucha juu. Alizikagua kutoka kule kule. Kisha akageuka mbele.

Alasiri aliporudi hakusimulia chochote kuhusu shule. Alinawa kwenye ndoo, akaishusha barakoa, akaja.

"Shikamoo, Mama Mkubwa."

"Marahaba, mwanangu."

"Fungua mdomo."

Nikafungua. Iliki ilinisaliti.

Akaenda jikoni, nikasikia kifuniko cha bakuli. "Kesho naenda tena," akasema kutoka huko, "ila haya maandazi nakwenda nayo."