Kantri kwenye Harusi ya Dereva wa Fuso

Mjukuu wangu anaimba kantri kuliko redio. Nimesema, na sitaki ubishi. Mimi niliishia darasa la nne, Kiingereza sijui, lakini kilio nakijua kwa lugha yoyote.

Hapa Karatu Jumapili mchana ni kantri tu, zile nyimbo za gitaa za Wamarekani: saluni, gereji, mpaka kwa muuza chipsi. Mjukuu wangu alianza kuziimba akiwa mdogo, baadaye akatunga zake kwa Kiswahili. Siku moja nikamwuliza, "Hawa wazungu wa kofia wanalia nini kila wiki?"

"Wanapenda watu wasiowapenda, Bibi."

"Basi si wazungu peke yao."

Mwaka jana tulikuwa Mang'ola tunakata vitunguu vya kujaza magunia. Dereva wa fuso, lori linalobeba magunia hayo, kijana mrefu mcheshi, akaja kuchuchumaa mbele ya mjukuu wangu.

"Dada yangu, naoa mwezi ujao. Uniimbie kantri yako harusini. Bila wewe sijaoa!"

Akacheka, akaenda kufunga turubai. Mjukuu wangu akainama, machozi yakidondokea kisu.

"Vitunguu hivi, Bibi."

Vitunguu! Mtoto aliyekulia shambani! Vile vilikuwa vikavu, tunatoa mkia na mizizi tu. Vinamliza mgeni, siyo yeye. Wanawake wote wakatazama pembeni, maana walijua. Msimu hadi msimu alikuwa anamchomea yule dereva mahindi, anamchagulia hindi lililoiva vizuri, na dereva anatafuna, anasema asante dada.

"Mwambie unaumwa," nikamwambia. "Au mwambie ukweli."

"Nikimwambia ataacha kuoa?"

Nikachukua kitunguu kingine, nikakata mkia.

"Basi nitaimba."

"Utalia mbele za watu, tuaibike wote."

"Silii."

Siku ya harusi nilikaa meza ya nyuma na kitenge changu kipya. Mjukuu wangu akapanda jukwaani na gitaa. Akaimba habari za mtu anayesimama barabarani, gari linapita, yeye anabaki anapungia vumbi mkono. Sauti haikutetemeka hata kidogo. Bibi harusi akalia. Mama mkwe akalia. Mimi nikalia mpaka kitenge kikalowa. Bwana harusi, ng'ombe yule, akapiga makofi kwa nguvu zote, akidhani anasifiwa lori lake.

Mjukuu wangu akashuka, akaketi mezani kwangu, akavuta sahani yangu ya pilau na kumaliza nyama yote.

"Imeisha, Bibi."

"Nyama au yeye?"

"Nyama."

Hakunidanganya, na hilo nililipenda kuliko wimbo.

Msimu huu fuso limerudi Mang'ola. Dereva akashuka, akanyoosha mkono kwenye jiko la mahindi kama kawaida yake. Mjukuu wangu akaliwahi hindi lililoiva vizuri, akaling'ata.

"Kwani mkeo hachomi?"

Wanawake wakaangua kicheko. Akala lote mbele yake, punje kwa punje, kisha akashika kisu chake akaendelea kukata vitunguu huku akiimba. Nikamtazama macho. Makavu.