Barafu za Ubuyu Gotini

Damu yangu haigandi upesi, ndivyo nilivyozaliwa. Nikijigonga kidogo inavujia ndani ya goti, goti linaumuka kama andazi. La kushoto lilishajikunja, halinyooki tena. Sasa siku hiyo tunavuna tangawizi kijijini kwetu Mamba, Upare, nikateleza, nikasikia la kulia linapata moto. Nikaogopa kweli, maana nilikuwa nimebakiwa na hilo tu la kutembelea.

Nikampigia simu nesi wa kliniki yangu. Akasema usikanyage, funga bandeji, weka barafu, nyanyua mguu, kesho asubuhi uwahi sindano ya kugandisha damu. "Na asikukande mtu!"

Kamwambie hivyo Mpare! Kwetu ukivimba unakandwa, mjadala umefungwa. Majirani walishafika na sufuria ya maji ya moto yenye tangawizi, wamekunja mikono ya magauni, wananitazama kama unga wa chapati. Bibi mzaa mama akasimama mlangoni na mwiko. "Huyu ni mume wangu, hamumgusi!" Wakacheka, wakadhani ni utani wa bibi na mjukuu. Mmoja alipotaka kupita, akala mwiko wa mkono.

Haya, barafu. Kijijini barafu ni zile za vifuko, za watoto kunyonya. Bibi akanunua zote za dukani, za ubuyu, akazipanga juu ya bandeji. Zikayeyuka, vifuko vikavuja. Mguu mzima ukawa mwekundu, unachuruzika hadi sakafuni.

Akaingia mzee wa kanisa kunijulia hali. "Shikamoo," nikasema. Badala ya marahaba, akapiga kelele. "Yesu wangu! Damu!" Bibi, kwa kuudhika, akachovya kidole gotini kwangu, akalamba. "Ubuyu huu. Tena sukari imezidi." Yule mzee alitoka mbio, kofia akaiacha. Nilicheka mpaka goti likanikomesha.

Lilipona, msiwe na wasiwasi. Kesho yake nilichomwa sindano, na ndilo ninalotembelea. Ila jioni ile bibi hakucheka. Alikuwa ameshika kifuko juu ya goti kwa ncha za vidole, hathubutu hata kukiegemeza.

"Kiweke tu bibi, hakiniumizi."

"Marehemu mjomba wako alivimba hivi hivi," akasema. "Nilimkanda mimi. Kwa maji ya moto, kwa nguvu zangu zote. Akawa ananiambia, mama, inatosha. Nikamwambia jikaze, wewe mwanaume."